Ayubu Hakunyamaza

Ukiuliza katika usharika wowote Ayubu alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa kwa neno moja: mvumilivu. Watoto wa shule ya Jumapili wanalijua jibu hilo kabla hawajajua kusoma. Tunalisema msibani, tunalisema wodini, tunalisema hata kwenye foleni ya maji. Mtu asiyelalamika tunasema ana subira ya Ayubu, na anayelalamika tunamtajia Ayubu ili anyamaze.

Katika makala hii nataka tukisome kitabu cha Ayubu chote, tangu mwanzo hadi mwisho, maana naamini wengi wetu tumekisoma kwa kuruka. Tunasoma sura mbili za kwanza, tunarukia ya mwisho, na zile 39 za katikati tunawaachia wanaosomea uchungaji. Ninayo sababu ya kulisema hili, wala si ya kitaalamu. Afadhali niieleze mapema.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alifiwa na mtoto wa miaka 6. Homa ilianza siku ya Alhamisi, Jumapili jioni tukazika. Nilikuwa mzee wa kanisa wa mtaa ule, kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa waliokaa naye. Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua na masufuria ya kuazima yakirudishwa kwa wenyewe, aliniuliza, "Mzee, Mungu alikuwa anataka nini kwa mwanangu?" Nilimjibu upesi. Nilimwambia kazi ya Mungu haina makosa, nikamwambia mwanadamu hana ruhusa ya kumhoji Muumba wake, kisha nikamtolea mfano wa Ayubu. Alinitazama, akasema, "Asante, mzee," akaendelea kukunja mkeka. Hakuonekana ibadani kwa karibu mwaka mzima.

Baada ya muda nilikifungua kitabu cha Ayubu nione yale niliyomwambia yameandikwa katika sura gani. Niliyakuta. Yamo humo, tena yameandikwa vizuri kuliko nilivyoyasema mimi, lakini yamo vinywani mwa watu ambao Mungu mwishoni anawakasirikia.

Tuanze na yale tunayoyajua. Katika nchi ya Usi yupo mtu mkamilifu, mwenye kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500, wana 7 na binti 3. Katika siku moja anapoteza mali na watoto. Kisha anapoteza afya. Anasema maneno yale tunayoyasikia kila tunapozika, kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, wala hamkufuru Mungu. Huyo ndiye Ayubu wa mahubiri yetu, naye ni Ayubu wa kweli. Yakobo anamtaja katika waraka wake (5:11) kama mfano wa subira, na hiyo ndiyo mara pekee jina lake linapotajwa katika Agano Jipya.

Kwetu Waswahili picha hiyo imeingia kwa milango miwili. Wenzetu Waislamu wa pwani wana Utendi wa Ayubu, shairi refu la kale ambalo Alice Werner alilichapisha miaka ya 1920, na J. W. T. Allen akaliweka tena katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971. Huko Ayubu ni nabii aliyejaribiwa akasubiri, na mkewe ni mwanamke mwaminifu anayemhudumia katika ugonjwa wake. Kwa hiyo tunapotamka "subira ya Ayubu" huwa tunanena kwa lugha iliyokwisha kumjua mtu huyo kwa sifa moja tu. Si ajabu tukishindwa kuisikia sauti yake nyingine.

Sauti hiyo inaanza sura ya 3. Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Anauliza kwa nini mtu aliyefungiwa njia apewe nuru. Na kuanzia hapo, mpaka mwisho wa sura ya 31, haachi kuuliza. Anamwuliza Mungu kwa nini amemfanya shabaha ya mishale yake. Anamwuliza kama ana macho ya kibinadamu. Anamtaka aje mahakamani, ataje mashtaka, asomewe naye utetezi wake. Ukiwapa watu sura ya 7 au ya 10 bila kuwaambia imetoka wapi, wengine watasema ni maneno ya mtu aliyeiacha imani.

Sasa wale marafiki. Kabla sijawalaumu niwatendee haki, kwa kuwa wao ni sisi. Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka mbali, wakalia, wakararua mavazi, wakaketi naye chini siku 7 mchana na usiku pasipo kusema neno. Yeyote aliyekaa matanga anajua thamani ya jambo hilo. Laiti kitabu kingeishia hapo, tungewahesabu miongoni mwa watu wema wa Biblia. Walianza kuharibu pale walipoanza kueleza.

Maelezo yao ni rahisi. Mungu ni mwenye haki. Mwenye haki humlipa kila mtu sawasawa na matendo yake. Ayubu anateseka. Basi Ayubu ametenda dhambi. Elifazi analisema kwa upole, akianza na ndoto aliyoota usiku. Bildadi hana upole huo: anamwambia baba aliyetoka kuzika watoto kumi kwamba huenda watoto walikosa wakapata stahili yao (8:4). Sofari anazidi kuliko wote, anamwambia Ayubu kwamba anayoteswa ni pungufu ya anayostahili.

Ninachoomba msomaji akiangalie kwa makini ni sura ya 22. Kufikia hapo mabishano yamezunguka mara mbili, na bado hakuna dhambi ya Ayubu iliyoonekana. Elifazi, yule mpole, anaamua kuzitaja. Anasema Ayubu alichukua rehani za ndugu zake bila sababu, aliwanyima maji waliochoka, aliwafukuza wajane mikono mitupu. Ameyatoa wapi? Hakuna shahidi hata mmoja. Sisi wasomaji tumekwisha kuambiwa katika mstari wa kwanza kabisa wa kitabu kwamba mtu huyu alikuwa mkamilifu. Mafundisho ya Elifazi yalihitaji dhambi, dhambi haikupatikana, akaitunga. Mtu mwema, mcha Mungu, anasema uongo juu ya rafiki yake mgonjwa ili hoja yake juu ya Mungu isivunjike. Mwandishi wa kitabu hiki alitujua.

Na mara tu baada ya uongo huo, katika sura hiyo hiyo, ndipo lilipo lile agizo tunalolipenda sana la kumjua Mungu ili mtu awe na amani (22:21). Limechapwa kwenye kanga, kwenye kalenda, kwenye vibao vya kuta za sebule. Mistari michache mbele ipo ahadi kwamba mtu atakusudia neno nalo litathibitika, ambayo wahubiri wa mafanikio wameifanya kama hundi. Na ile ya mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, ambayo haikosekani duka likizinduliwa? Ni ya Bildadi (8:7), mistari mitatu tu baada ya kuwashutumu marehemu. Sisemi tuvibandue vibao. Mtume Paulo mwenyewe anatumia usemi wa Elifazi katika 1 Wakorintho 3:19, na anautumia kama kweli. Jambo la kutisha ni kwamba marafiki hawa wanasema mengi yaliyo kweli. Maneno ya kweli yamewekwa juu ya kidonda ambacho si chake.

Kuna jambo jingine nililoliona kwa kuchelewa. Mwanzoni kabisa Shetani alimwuliza Mungu kama Ayubu anamcha bure. Maana yake, ibada ni biashara: mtu anatoa uchaji, anapokea ngamia. Sasa sikiliza marafiki. Wanamsihi Ayubu atubu ili mali irudi. Wamekuja kumtetea Mungu, na wametumia hoja ya mshitaki wake. Ayubu peke yake ndiye anayeishi kinyume cha hoja hiyo, kwa kuwa anamng'ang'ania Mungu wakati ambapo hapati chochote, na hana dalili kwamba atapata. Kila ninapopita kwenye viwanja vyetu vya mikutano na kusikia habari za kupanda mbegu ya shilingi elfu kumi ili kuvuna laki, hukumbuka swali lile la sura ya kwanza, na hukumbuka nani aliyeliuliza.

Tofauti kubwa kati ya Ayubu na wenzake, kwa jinsi ninavyokisoma kitabu, haiko katika wingi wa maarifa. Wote wanne hawajui yaliyotokea mbinguni. Sisi tunayajua kwa sababu mwandishi ametupenyezea. Wao hawayajui, na Ayubu hata mwisho hataambiwa. Tofauti ni kwamba Ayubu anajua kuwa hajui. Anasema ameenda mbele, hayuko, nyuma, haonekani, kushoto na kulia, vivyo hivyo (sura ya 23). Wenzake wanajua kila kitu. Ndiyo maana hawana swali. Wana sentensi zenye alama ya kuuliza, naam, ila ni zile ambazo mwulizaji ameshika jibu mkononi kama fimbo.

Sura ya 28 inakaa katikati ya mabishano kama mahali pa kupumulia. Ni shairi juu ya wachimbaji wa madini. Nilipoisoma na kikundi chetu cha Jumatano, kijana aliyewahi kufanya kazi na wana-apolo kule Mererani alisimama akatueleza mstari kwa mstari: namna mtu anavyoning'inia kwa kamba mbali na walio juu, namna taa inavyosukuma giza, namna mlima unavyopinduliwa kutoka kwenye mizizi yake. Alisema aliyeandika haya lazima aliwahi kuchungulia shimoni. Shairi linamsifu mwanadamu kwa ujuzi huo. Halimdharau. Kisha linauliza hekima yenyewe inachimbwa wapi, na shimo halina jibu, na bahari haina. Napenda kwamba mpaka wa maarifa umewekwa na mtu aliyestaajabia maarifa kwanza. Wapo wanaohubiri mipaka ya akili ya binadamu kwa sababu tu hawakupenda shule.

Elihu, kijana anayejitokeza sura ya 32, nampitia haraka. Ananena sura sita bila kujibiwa na mtu yeyote, na Mungu mwishoni hamtaji, si kwa kumsifu wala kumkemea. Wataalamu wengi wanadhani sura zake ziliongezwa baadaye. Mimi huwaza mhubiri kijana aliyepewa dakika tano za salamu.

Kisha Mungu anasema katika upepo wa kisulisuli, na hapa kitabu kinatupa shida ambayo sitaki kuifunika. Ayubu ameuliza kwa nini. Mungu hajibu kwa nini. Hasemi neno juu ya Shetani, hasemi neno juu ya watoto. Badala yake anauliza, makumi kwa makumi ya maswali: Ayubu alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, theluji inahifadhiwa wapi, nani anajua majira mbuzi wa majabali wanapozaa. Mzee mmoja katika kikundi chetu alisema kwa uchungu kwamba hivi ndivyo bosi anavyomjibu mfanyakazi aliyedai mshahara. Sikumkatiza. Kuna wasomaji makini wa kitabu hiki waliofikia hukumu ileile.

Lakini tazama ni maswali ya namna gani. Katika 38:26 mvua inanyesha juu ya nchi isiyo na mtu. Kwa marafiki mvua ni malipo. Mwema hupata, mbaya hunyimwa. Hapa inanyeshea nyika ambako hakuna mwema wala mbaya, majani yanachipuka tu, na Mungu anaonekana kufurahia. Punda-mwitu amefunguliwa kamba asimtumikie mtu. Mbuni anakimbia akimcheka farasi. Halafu wanakuja wale wanyama wawili wakubwa wa sura ya 40 na 41, ambao wafasiri wengi wamemwona kiboko katika wa kwanza na mamba katika wa pili. Wenzetu wa Rufiji na wa kando ya Ziwa Rukwa hawahitaji ufafanuzi. Wanajua kwamba mamba hakuumbwa kwa faida yao, na wanajua pia kwamba ni mzuri wa kutisha. Dunia Mungu anayomwonyesha Ayubu haikusukwa kama daftari la mishahara na faini. Hilo si jibu la swali la Ayubu, lakini linabomoa kabisa jibu la marafiki zake.

Na Mungu amekuja. Ayubu alitaka hilo kuliko yote. Katika 31:35 anatia sahihi yake na kumtaka Mwenyezi amjibu. Sofari naye aliwahi kutamani Mungu afumbue midomo yake, ili Ayubu aaibike (11:5). Wote wawili walipata walichoomba.

Maana sikiliza 42:7. Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Mstari huu ungepaswa kutunyima usingizi sisi tunaofundisha. Waliomtetea Mungu kwa sura nyingi wamekosea. Aliyemwita mahakamani amenena sawa. Ayubu alikuwa amewaonya tangu sura ya 13 kwamba Mungu hahitaji watu wa kumsemea uongo, na kwamba siku akiwachunguza hawatapona.

Mchungaji wetu, aliyesoma Kiebrania, alinionyesha jambo dogo katika mstari huo. Biblia zetu zinaelewa kwamba marafiki hawakunena sawa kumhusu Mungu. Lakini kineno kilichotumika pale, kwa matumizi yake ya kawaida, ni "kwangu", kunielekea mimi. Wataalamu wanabishana, nami si mmoja wao. Hata hivyo nilirudi nikasoma sura zote za mabishano nikiwa na kalamu, na hili yeyote anaweza kulihakikisha: marafiki hawamwambii Mungu neno hata moja. Wanamzungumzia. Ayubu anaanza hotuba akiwajibu wao, na katikati ghafla anageuka na kusema "wewe", na huyo wewe si Elifazi. Anafanya hivyo katika sura ya 7, ya 10, ya 13, tena ya 14. Maswali yake yote makali, yaliyowachukiza wenzake, ni sala.

Katika mstari wa 6 wa sura hiyo ya mwisho liko neno lingine. Tumezoea kwamba Ayubu anatubu katika mavumbi na majivu. Kitenzi cha Kiebrania kinaweza kuwa kutubu, au kubadili nia, na kinaweza pia kuwa kufarijiwa. Ni kitenzi kilekile kinachotumika katika 2:11 marafiki wanaposafiri kwenda kumfariji. Walikuja kwa kazi hiyo wakashindwa. Sithubutu kusema tafsiri zetu zimekosea. Nasema tu kwamba mtu aliyefundishwa kwamba Ayubu mwishoni aliomba radhi kwa kuuliza anapaswa kujua kuwa mstari anaousimamia si mgumu kama mwamba.

Yule mama alirudi ibadani, na baadaye alijiunga na kikundi cha Jumatano. Sikumwita mimi, aliletwa na jirani yake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzetu wawili, akasema yamepita. Lakini siku tuliyosoma sura ya 22, Elifazi anapotunga dhambi, alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema siku ile ya Ijumaa walimpeleka mtoto kwenye zahanati wakaambiwa dawa ya sindano imeisha, warudi Jumamosi. Alipotaka kuulizia jambo hilo baada ya mazishi, watu wa ukoo walimwambia aache, ni mapenzi ya Mungu. "Kwa hiyo, mzee," akaniambia, "nilikuwa na maswali mawili. Moja la Mungu, moja la watu. Mkayafunga yote kwa kufuli moja."

Hapo ndipo nilipoelewa madhara ya msemo wetu. Upo mpaka wa maarifa ambao Mungu anamwonyesha Ayubu: hakuwepo misingi ilipowekwa, na hakuna namna ya kuwepo. Mpaka huo ni wa kweli, na mtu anaweza kuuheshimu bila kujidanganya. Lakini kuna mpaka mwingine tunauchora sisi, karibu sana na mlango wa nyumba zetu, kisha tunauandika jina la Mungu. Nani alijua dawa imeisha? Iliisha lini? Kwa nini mgonjwa hakuandikiwa rufaa siku ileile? Maswali hayo yana majibu, yanaandikwa kwenye daftari la stoo. Kuyaita siri ya Mungu ni kumsingizia.

Tunawalea watoto wetu hivyo tangu darasa la kipaimara. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 imejengwa juu ya swali la maana, linalorudiwa baada ya kila amri na kila kifungu cha imani. Mtoto wetu anafundishwa kulikariri jibu, na swali analiachia kitabu. Nimesimamia mitihani hiyo miaka 11. Sijawahi kumpa alama mtoto kwa kuuliza, na sikumbuki kama yupo aliyejaribu.

Nirudi kwenye kitabu, maana bado sijasema udhaifu ninaouona. Mke wa Ayubu anapewa mstari mmoja tu (2:9), na kwa mstari huo amehukumiwa na wahubiri kwa karne nyingi. Wale kumi waliokufa alikuwa amewazaa yeye. Hakuna rafiki anayesafiri kuja kukaa naye chini. Mwishoni Ayubu anapata watoto wengine kumi, na hata hatuambiwi ni nani aliyewabeba mimba. Hapo naona utendi wa pwani umemtendea mwanamke huyo wema ambao sisi tumemnyima.

Na hao watoto wapya? Kondoo wanakuwa 14,000, ngamia 6,000, jozi za ng'ombe 1,000, punda 1,000. Kila kitu mara mbili. Watoto ni kumi vilevile, si ishirini. Wasomaji wa zamani walisema ni kwa sababu kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea. Wako kwa Mungu, na jumla yao ni ishirini. Ni maelezo mazuri na ninayatamani yawe kweli. Mabinti wapya wanatajwa kwa majina, majina ambayo bado tunawabatizia mabinti wetu, na baba yao anawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, jambo ambalo koo zetu nyingi hazijalifikia. Wale wa kwanza hawakutajwa majina hata walipokuwa hai.

Jumatano tuliyomaliza kitabu, baada ya kusoma mstari wa mwisho unaosema Ayubu alikufa mzee sana, kijana wa Mererani aliuliza kama tunadhani Ayubu aliacha kuwalilia wale wa kwanza. Wote tulimtazama yule mama. Akasema kitabu hakisemi. Mwenyekiti akasubiri kidogo kama kuna mwenye neno, hapakuwa na mtu, akamwomba yeye afunge kwa sala. Alisali kwa muda mfupi, na ndani ya sala yake alimwuliza Mungu tena swali lilelile aliloniuliza mimi siku ya mkeka.

Juma lijalo tunaanza Habakuki. Ni sura tatu tu, nayo inaanza kwa nabii kumwuliza Bwana ataendelea kulia mpaka lini bila kusikilizwa. Tumekubaliana kila mmoja aje na swali lake ameliandika, na kwamba mimi nitakuwa wa mwisho kusema.